Mpira Ungali Hewani

Kabla haujashuka nimeshainua mkono.
"Nje!" nasema, na uwanja mzima wa Changamwe
unanitazama kama mtu aliyesoma hitima ya mgonjwa.
Mpira ungali juu, mdogo kama kungumanga,
na mamake Nzaro, leso kaifunga kibwebwe,
keshavuka mstari wa chokaa:
"We Refa! Mwanangu hajadakwa!"

Hajadakwa, mama. Ni kweli.
Lakini tazama: wawili wako vituoni,
cha kwanza na cha pili, na aliyetoka ni mmoja tu,
na chini ya mpira ule amesimama Mwachiti,
ambaye mikono yake haijawahi kuangusha hata yai.
Akiudaka, ni mwanao peke yake.
Akiuachia makusudi, kama mtu aliyeteleza,
hao wawili wamebanwa:
walikuwa wamekaa kuogopa kudakiwa,
sasa wakikimbia wamechelewa.
Atavuna wawili kwa uzembe wa kuigiza.
Ndiyo maana namtoa mwanao mapema.
Sheria hii haikutungwa kwa ajili ya mpira.
Ilitungwa na mtu aliyewahi kupunjwa mizani,
labda Kongowea, labda kwingine.

"Kitabu gani hicho?"
Nikamwonyesha. Gamba limeshikwa na selotepu,
kurasa zimekunywa jasho langu.
Miaka ishirini na sita nilihesabu makasha gatini,
na bado kuhesabu hadi tatu kunanitoa kijasho,
kwani tatu si tatu daima:
mpigaji akipiga hewa mara ya tatu,
mdakaji akauponyosha mpira,
na kituo cha kwanza ni kitupu,
yule aliyekwisha hajaisha.
Ana ruhusa ya kukimbia.

Riziki, mwaka jana, hakujua.
Alirudi kuketi, analia,
na mpira nyuma yangu unajiviringisha taratibu
hadi ukutani.
Neno lilikuwa kwenye ncha ya ulimi.
Refa hamwambii mtu "kimbia".
Nilichukua brashi, nikapangusa
kituo kisichokuwa na vumbi.

Hayo ni ya kitabu. La Jumamosi silo.

Kwenye kituo cha kwanza macho hayatoshi:
mguu uko chini, mpira uko juu,
na jicho ni moja hata ukiwa nayo mawili.
Jicho nalipa mguu.
Mpira nauachia sikio:
pa! ngozi ya glavu; ti! kiatu.
Kilichotangulia ndicho hukumu.

Dzombo alikuwa anakuja, soli ya kulia imefumuka,
Mwanakombo kanyosha glavu hadi mwisho wa bega,
nami nimeinama, nimetega sikio,
na meli moja huko Kilindini,
isiyojua hata kama tunacheza,
ikapiga honi.

Ndefu.
Ilipokoma, mguu uko kituoni, mpira uko glavuni,
na watu wote wanautazama mkono wangu.
Refa hawezi kusema, "Sikusikia."
Nikasema, "Nje!" kwa sauti ya mwenye hakika,
maana sauti ndiyo nusu ya sheria.

Baadaye, navua kinga ya kifua,
Mwanakombo akaja, glavu kwapani.
"Refa, mguu ulitangulia."
Hakuwa na sababu ya kuniambia.
Walikuwa wameshinda.

Nilifungua kitabu kana kwamba sikijui.
Ukikosea sheria, timu ina haki ya kulalamika.
Ukikosea kuona, imepita, haina rufaa.
Na ukikosea kusikia?
Hawakuandika.

Jumatatu nilimkuta Dzombo kwa fundi viatu, Magongo,
mguu mmoja mtupu juu ya gazeti,
anangojea soli.
"Shikamoo, Refa."
Nikaitika marahaba,
kwa sauti ndogo.